Rupia Iliyojificha Kati ya Misumari

Mpendwa dada Ndeshi,

Shikamoo. Najua huko uliko huwezi kuniitikia, lakini sijawahi kuanza kuzungumza nawe bila kukuamkia, na leo sitaanza.

Jana niliishusha ile mashine yetu ya kutafutia madini kutoka juu ya kabati. Unakumbuka ilivyokuja? Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, nawe unauza mitumba Daraja Mbili. Mzungu mmoja wa Themi alikuwa anafunga virago kurudi kwao kwenye baridi. Ukampa makoti mawili mazito, ukarudi nyumbani na fimbo yenye sahani chini. Mama akaiangalia weee, kisha akauliza, "Hiyo ndiyo ya kupigia deki?" Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Kila Jumapili baada ya ibada tulitoka kwenda kutafuta rupia za Mjerumani, zile za fedha tupu. Wewe ndiye uliyenifundisha kitufe cha kuchuja. Ukikizungusha kidogo, mashine inanyamazia misumari. Ukizidisha, inanyamazia na vizibo vya soda, inabaki kulilia fedha. Ulipenda kukipandisha juu kabisa. "Mimi sikuzaliwa kuchimba vizibo," ulisema.

Halafu Bibi akatuita Makumira. Nyumba yake ya mbao ilikuwa imebomolewa ajengewe ya matofali, na rupia aliyopewa na Babu siku ya uchumba ilikuwa imepotelea humo. Alikuwa ameifukia chini ya kitanda.

"Kitanda kilikuwa wapi, Bibi?"

"Hapo. Au hapo. Wajukuu zangu, nyumba ikishaondoka, hata kona zinapotea."

Tulipita na kupita. Kimya. Mahali pamoja tu mashine ilikwaruza kidogo, ikakatika. Nikakuambia, "Dada, labda msumari umelala karibu na rupia, tunachuja vyote viwili. Teremsha." Ukanuna, lakini ukateremsha mpaka mwisho. Lo! Uwanja mzima ukapiga kelele. Tulichimba misumari mpaka kucha zikauma, wewe ukilalamika kila mmoja unapotoka, na bado hukuacha. Mwishowe ukanyamaza. Ulikuwa umeshika bonge la kutu, na ubavuni mwake kitu cheupe kimegandia.

Bibi aliifuta kwa kanga yake, akaishika shavuni. "Nilidhani nitakufa sijaiona," alisema. Sikuwahi kukuona ukilia mbele za watu ila siku ile.

Ulipoolewa, kisha shemeji akapata kazi ya ualimu Botswana, Bibi alikuvika rupia ile shingoni mwenyewe. Ulikuwa urudi baada ya mkataba. Mkataba ukaongezwa, ukaongezwa tena. Kisha ikaja simu. Ulizikwa huko, dada, na mimi sijui hata udongo wa huko una rangi gani.

Jana, basi, nilizunguka na mashine uani kwangu, nimeteremsha kitufe kama siku ile. Nilitoa kufuli bovu, nikatoa kipande cha bati. Chini ya mgomba ikalia vizuri, sauti safi isiyokatika. Nikachimba kwa kisu cha jikoni. Robo rupia, dada! Ndogo kama kifungo, na yule mzee, mfalme wa Wajerumani, mwenye kofia yenye ndege tai, bado anaonekana.

Nikapaza sauti, "Dada Ndeshi, njoo uone!"

Mama jirani akachungulia juu ya ua. "Unamwita nani?"

"Dada yangu."

"Kumbe amekuja? Mbona hukusema tumsalimie?"

Siku ile ya simu sikulia. Kulikuwa na wageni wa kupokea na chai ya kupika, na Mama wa kushikilia asianguke. Jana ndipo nilipolia, nimekaa chini ya mgomba na udongo mikononi, mpaka mama jirani akazunguka ua akaja kukaa nami. Hakuuliza tena. Aliniambia tu, "Nisimulie alivyokuwa." Nikamsimulia mpaka jua likaingia nyuma ya Meru.

Lala salama, dada yangu. Nimekukumbuka sana.

Mdogo wako