Rehema Alichora Mto Mara Mbili

Mjukuu wangu Komora,

Hujambo huko Nairobi? Sisi huku Idsowe tu wazima. Babu yako goti limepoa, na mpunga umechipua.

Umeniuliza kama Rehema, yule mwanasayansi wa mito mnayemsoma shuleni, alikuwa na akili nyingi utotoni. Nilikaa naye dawati moja, na bado sijui nikujibu nini.

Siku moja mwalimu alituambia tuchore ramani ya kijiji. Rehema akachora Mto Tana mara mbili: pale ulipokuwa, na tena kati ya nyumba na mashamba yetu, penye nyasi tupu. Tulimcheka!

Nikamwuliza, "Wewe, huu wa pili umeuona wapi?"

"Hapo tope halikauki hata kiangazi," akasema.

Akapewa sifuri. Mimi nilichora mto mmoja, nikapigiwa makofi.

Miaka ikapita, mafuriko yakaja, mto ukahamia palepale. Ilikuwa akili, au alibahatisha? Nafikiri mpaka kichwa kinaniuma. Ninachojua ni kwamba mimi, niliyepigiwa makofi, kila asubuhi napanda mtumbwi kwenda shamba ambalo zamani nilikwenda kwa miguu.

Ni mimi bibi yako,
Hadija