Injini Isiyo na Mzigo

Igowole, Mufindi

Mama Tumaini,

Hamjambo huko Uyole? Huku ukungu haujaondoka tangu Jumapili, na ugali naula peke yangu.

Kwenye kiwanda cha chai natengeneza chombo cha kuongeza na kupunguza mafuta yanayoingia kwenye injini ya kufua umeme, ili mashine zikiwashwa pamoja taa zisififie. Leo nilikosea, nikazima mashine zote kwa mpigo. Injini ikakimbia ikilia, taa tatu zikaungua.

"Injini ikikosa mzigo hujiua," fundi mkuu akaniambia.

Usikasirike nikisema mzigo wangu ni wewe na mtoto. Bila ninyi nami nakimbia hovyo.

Najua mwinjilisti ndiye anayekusomea barua zangu. Mwombe asiuruke mstari huo.

Wako,
Baba Tumaini