Vidole Vyangu na Safari ya Kusini

Nyumba ya kona,
Nyuma ya stendi ya mabasi.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Salamu nyingi. Hujambo? Mgongo wako je? Na shemeji kifua chake kimetulia, au bado anakohoa na kusingizia vumbi? Mimi ni mzima. Magoti hulalamika nikiinuka, nikishainuka yananyamaza. Wa hapa nyumbani wote wazima, wanakula kupita kiasi.

Usishangae mwandiko, nimeandika mwenyewe. Mjukuu wangu wa kike, huyu tunayemwita Wakili kwa kuwa hashindwi neno, alitaka nitamke yeye aandike. Nikakataa. Ana tabia ya kurekebisha maneno ya watu.

Habari yenyewe ni hii. Mwanangu na mkewe wameamua kuwaleta watoto huko kusini mwa Afrika, shule zikifungwa katikati ya mwaka. Walikaa na ramani mezani jioni baada ya jioni. Mara maporomoko ya maji, mara mbuga, mara bahari yenye upepo. Kibonge, mdogo wake Wakili, anataka tembo tu. Nikamuuliza kama tembo ni ndugu yake. Akasema ndiyo.

Nikamuuliza mwanangu, na mama yako mdogo je? Akasema umo, umepangiwa mchana mmoja. Utakuja hotelini, mtakula, mtapiga picha. Tena akasema wewe mwenyewe ndiye uliyetaka hivyo kwenye simu, eti nyumba yako ndogo, hutaki watoto wapate shida. Kitinda, una akili timamu? Tulilala kitanda kimoja mpaka ulipoolewa, na ulikuwa unapiga mateke. Habari za vyumba umefundishwa na nani?

Mwanangu ulimwacha anatambaa, sasa ana upara. Watoto wake wanakujua kama sauti ya simu inayokatikakatika. Ukila nao hotelini mchana mmoja, watarudi hapa wanamkumbuka tembo.

Basi nikawaambia kwamba watoto watalala kwako, na mimi nitakuja nao kuhakikisha. Walikuwa wameshanipangia kulinda nyumba na kulisha kuku. Mkwe wangu, unajua ni muuguzi na hana maneno mengi, ndiye aliyesema sawa, Mama, akachukua kalamu akanipanga na mimi. Nampa haki yake kwa hilo, ingawa chai yake bado ni maji.

Watoto walipata pasipoti bila taabu. Kibonge aligoma kufunga mdomo kwenye picha, wakachoka, wakampitisha na meno yake. Taabu ilianza kwangu.

Wewe unajua nimefua nguo za watu tangu kabla hujaolewa. Mtaani jina langu ni Mama Sabuni, na mashati ya nusu ya ofisi za mji huu yamepita mikononi mwangu. Sasa huko kwenye pasipoti kuna kioo kidogo, unaweka vidole, taa inamulika, mashine inasoma mistari ya ngozi. Kwangu haikusoma kitu. Kijana wa dirishani akafuta kioo, akafuta na vidole vyangu. Akaniambia nikandamize, nikakandamiza mpaka kioo kikalia.

Mwisho akasema, "Bibi, vidole vyako vimeisha."

Nikamwambia, "Havijaisha. Vimefanya kazi. Hiyo kola yako nimeifua mimi."

Akaishika kola. Nilikuwa nabahatisha tu.

Hakuwa mbaya. Alinieleza kwamba ngozi hurudi ikipumzishwa. Nisiguse sabuni wala maji ya moto, nipake mafuta mazito asubuhi na jioni, nirudi baada ya wiki kadhaa. Tulipotoka nje mwanangu akaniambia, kwa ile sauti ya kumwambia mgonjwa, kwamba tiketi lazima zikatwe kabla ya katikati ya Machi. Nikikosa pasipoti wataondoka bila mimi. Na bila mimi watakwenda hotelini, hilo halihitaji kuulizwa.

Nikapumzika. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama hiyo. Mkwe alinivika glavu za mpira za hospitali, nikawa kama mtu anayesubiri kuzalisha. Wateja wangu nikawaelekeza kwa dobi wa mtaa wa pili, yule anayeacha sabuni kwenye mishono na kuiita manukato. Nguo za nyumbani walifua wenyewe, mimi nikiwa kwenye kiti naelekeza. Mwanangu hajui kukamua shuka. Mtu mzima mwenye upara, anaishika kama nyoka aliyekufa.

Wakili akapewa kazi ya kunichunga. Siku moja nyumba ilikuwa kimya, nikavua glavu nisugue doa la chai kwenye kitambaa cha meza. Moja, tena dogo. Kumbe yuko mlangoni.

"Bibi," akasema, "unataka kumwona mdogo wako au unataka kumaliza doa?"

Nikavaa glavu. Mtoto hata ubwabwa wa shingo haujamtoka. Doa bado lipo, naliona hapa ninapoandika.

Juzi tukarudi dirishani, familia nzima, kana kwamba naolewa. Kidole gumba cha kulia kikaingia mara ya kwanza. Vingine vikafuata kimoja kimoja, Wakili akivitaja kwa sauti mpaka foleni ikaanza kumwitikia. Kimoja tu kiligoma, hiki cha kusugulia kola. Kijana akakijaribu weee, kisha akasema hicho kimoja atakiandika kuwa kimechakaa, vilivyobaki vinatosha. Kola yake siku hiyo ilikuwa na ukungu wa sabuni. Nadhani na yeye amehamia mtaa wa pili.

Pasipoti nitaichukua wiki hii. Tiketi mwanangu alizikata mchana uleule, na hoteli ya mjini kwako akaifuta mbele yangu.

Sasa unijibu haya, na ujibu yote, usijibu yanayokupendeza tu. Mkwe anasema katikati ya mwaka huko ni baridi kali. Je, watoto waje na masweta au makoti? Maji ya bomba wanywe au wachemshiwe? Mbu wapo? Kutoka uwanja wa ndege mpaka kwako barabara ina kona nyingi? Kibonge hutapika kwenye kona ya kwanza, kisha anaomba chakula.

Usinunue kitanda. Usipake nyumba rangi. Watoto tandika godoro sakafuni, mimi nipe ile nafasi ya ukutani, mateke yako nayajua.

Nisalimie shemeji, na mwanao fundi magari pamoja na mkewe. Mwanangu, mkwe wangu na Wakili wanakusalimu. Kibonge anauliza kama tembo wanapita karibu na kwako. Mwambie ndiyo.

Jambo la mwisho. Mkwe anasema mpakani kuna kioo kilekile, unaweka vidole ukiingia na unaweka ukitoka. Kwa hiyo nikiwa kwako sitagusa sabuni hata kuosha kijiko, nisije nikakwama huko. Utotoni kila zamu yako ya vyombo ikifika ulikuwa unashikwa na tumbo. Safari hii ujiandae, tumbo lisikushike.

Mungu akuweke mpaka tuonane, atushike mkono njiani, na mlango wako tuukute wazi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye bila kukubembeleza,

Mama Sabuni