Malkia Wangu Ndani ya Simu

Jumatano, 17 Mei 2023

Mwanangu ni malkia! Nimeandika kwa herufi kubwa kwenye kalenda ya jikoni lakini haitoshi, lazima niandike na hapa. Lovelyn amechaguliwa kuwa Reyna Elena — malkia wa mwisho kwenye Santacruzan, maandamano ya kanisa ya mwezi Mei, yule mwenye msalaba, ambaye watu wote humsubiri. Si hapa mtaani. Ni kule kwenye ile dunia ya kompyuta anakoingia siku za mapumziko, akitoka kiwandani Taiwan. Wafilipino wa nchi kumi na moja hukutana humo, kila mtu na mwanasesere wake wa kuchorwa anayetembea badala yake. Na kanisa watakalozunguka ni la mji wetu. Amelijenga yeye, jiwe kwa jiwe, miaka mitatu. Hata trisikeli ya abiria ya marehemu baba yake ipo mlangoni, namba 217. Nani mwingine ana mtoto wa hivyo?

Nilimpelekea jirani yangu Doray habari kabla wali haujaiva. Binti yake alikuwa Reyna Elena hapa mwaka 2016 na tangu hapo hatujapumua. Akaniuliza: "Malkia wa kwenye kompyuta, anatoka jasho huyo?" Wivu mtupu.

Ijumaa, 19 Mei

Programu ya wenye dunia hiyo ya Lovelyn haitaki simu yangu. Eti simu ni dhaifu. Dhaifu! Simu hii imeanguka kwenye sufuria ya mchuzi wa sinigang na bado inaita.

Doray — leo nimsifu, mara moja tu — kapata njia. Kuna programu nyingine, ndogo, inaitwa Silip. Haina picha, ni maandishi matupu: nani ameingia, nani kasema nini. Si ya wenye dunia hiyo. Ameitengeneza mtu mmoja tu, Kuya Bong, yaani Kaka Bong, anawagawia akina mama wenye watoto ng'ambo. Simu ikanionya: aliyetengeneza hajulikani, inaweza kuwa hatari. Hajulikani na nani? Kwenye picha yake kashika sanamu ya Santo Niño, Mtoto Yesu. Nilipomwandikia alijibu palepale, ananiita mama: "Karibu, Nanay. Umekula?" Msoma mita ya maji anakuja hapa mwaka wa tisa, hajawahi kuniuliza kama nimekula. Na huyo kila mwezi namdai kitambulisho.

Jumapili, 21 Mei

Nimeingia!!

Silip inataka jina na nenosiri. Mimi sina, nikaweka vya Lovelyn. Alinipa Krismasi, nilipotaka kuona kanisa kwenye kompyuta ya binamu yake. Nenosiri lenyewe ni jina langu na siku yangu ya kuzaliwa. Watoto wa wengine wanaweka majina ya mbwa.

Sijakaa dakika, maneno yakaanza kumiminika. "Malkia huyo! Gauni tayari?" Walidhani ni yeye. Nikajibu tu, ningefanyaje. Nikawauliza wamekula nini. Mmoja wa Toronto nikamwambia avae sweta. Wakacheka: leo malkia kawa bibi.

Mara simu ya kawaida ikaita. Lovelyn. "Nay, umemkera nani leo?" Ndivyo anavyoanza kila simu tangu darasa la nne, hakuna siku ameacha. Akasema alikuwa humo ndani anashona gauni, akatupwa nje ghafla. Kumbe jina moja haliwezi kuwamo mara mbili. "Nay, hujatumia jina langu mahali?" Nikasema aa-aa, labda mtandao wa Taiwan. "Mtandao wa Taiwan, Nay?" Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akasema nenosiri lake nisilitie popote, hata nikiombwa na askofu.

Nimeahidi. Askofu hajaniomba.

Jumanne, 23 Mei

Sasa nina jina langu mwenyewe humo. Kuya Bong amenisaidia kulifungua. Mtu wa watu! Kaniuliza maandamano ni lini, saa ngapi, wangapi wanakuja, malkia anaingia saa ngapi. Nimemweleza yote. Wapo wajomba wa damu ambao hawajauliza hata moja.

Jumamosi, 27 Mei

Nimealika watu kumi na mmoja. Viti vitatu vya kanisa, vingine vya jirani, Doray anakuja na chake chenye mto. Suman ya wali wa nazi iko jikoni, tambi za pansit kesho asubuhi.

Doray: "Tunakuja kutazama nini na picha hakuna?"

"Hamtazami. Nitasoma, mtasikiliza."

"Kama mpira wa redio?"

"Kama Injili, Doray."

Lovelyn alipiga mchana, sauti imechoka na zamu. Ameifungia trisikeli zile taa ndogo za kijani, kama alivyozifunga baba yake mwaka ule wa kimbunga. Akasema watu wakipita pale kesho atalia, na mwanasesere hawezi kulia, kwa hiyo hakuna atakayejua. Nilitaka kumwambia habari ya Silip. Ulimi ulikuwa tayari kabisa. Lakini mtu hamvurugi malkia siku moja kabla.

Jumapili, 28 Mei

Naandika jikoni. Mikono lazima ishike kitu.

Saa kumi jioni sebule ilijaa. Doray ana Silip kwenye simu yake pia, akakaa mbele. Mimi nikasimama na yangu. Saa kumi na dakika tano ikaandika: Lovelyn ameingia. Nikapiga makofi, wote wakapiga. Nikamwandikia: "Mwanangu, sebule imejaa kwa ajili yako!"

Akajibu: "Asante mama mpendwa. Mungu akubariki."

"Kawa na adabu," Doray akasema.

"Nimemlea mimi," nikasema. Lakini nililisoma jibu lile mara mbili. Hakuniuliza nimemkera nani.

Malkia akaendelea: wapendwa wote, ili muone msafara vizuri, pakueni Silip, wekeni jina na nenosiri lenu. Nikasoma kwa sauti ya mimbari. Hata malkia anatumia programu yetu! Watu wakaitikia mmoja mmoja. Sawa malkia. Sawa malkia. Wa Toronto naye, sawa malkia.

Kisha mistari mingine. Benchi limefutwa. Maua yamefutwa. Trisikeli 217 imefutwa. Mgeni wangu mmoja, Mzee Isko, akauliza mbona. Nikamweleza: wanasafisha njia, msafara upite. Mimi mwenyewe, kwa kinywa changu, nilisema hivyo.

Simu ya kawaida ikaita. Lovelyn.

Hakuuliza nimemkera nani. "Nay, niko nje. Nenosiri langu limebadilishwa, siwezi kuingia. Kuna mtu amevaa gauni langu anafuta kanisa." Nikasema haiwezekani, sasa hivi nimeongea na wewe. Kisha taratibu, kama anavyoongea na wazee wa kule anapoishi: "Nay. Nina wenye dunia yenyewe kwenye laini nyingine. Wanataka jambo moja tu, nenosiri limepitia programu gani. Wakijua wataizuia, na wenzangu watajua wasiipakue. Hujalitia popote, eti?"

Watu kumi na mmoja wananitazama, pansit mdomoni. Doray kainua kichwa.

Nikasema laini mbaya. Nikakata. Nikasema naenda kuongeza sahani.

Sahani ziko hapa. Nimezihesabu mara mbili. Ni neno moja tu, herufi tano, simu hata haihitaji kushikwa vizuri. Lakini nikilisema hapa watasikia kule, ukuta ni wa mbao. Nikilisema nje, lazima nipite katikati yao.

Doray amechukua kusoma badala yangu. Sauti yake anaiweza, nimkubali. "Madirisha yamefutwa," anasoma. "Altare imefutwa." Mtu anauliza msafara bado tu? Doray kasogeza simu karibu na macho. Halafu akaniita, si kwa kejeli: "Teofista? Hebu njoo uone hii. Imebaki kengele."

Simu inatambaa juu ya meza kwa mtetemo. Picha ya Lovelyn, ile ya sare ya kiwanda, anacheka. Inaita. Inaita. Mlango wa sebule unafunguka, naacha kalamu.