Wezi wa Maziwa, Kutoka Sokoni Hadi Huruma

Jumatatu, 3 Machi

Miguu inawaka moto. Wageni wa leo walikuwa walimu kutoka Nakuru, watu wa maswali. Mutura, ule utumbo wa kujazwa nyama na kuchomwa, ilikuwa na chumvi kupita kiasi. Nilimwambia mchomaji, akanijibu kwamba chumvi ndiyo inauza soda. 

Vinginevyo matembezi yalikwenda vizuri. Wezi na Walaji, ndilo jina nililoyapa. Tunaanzia sokoni, tunapita vichochoroni, tunaishia mtaa wa Huruma. Kila kituo kisa kimoja cha Genge la Mitungi na chakula kimoja. Genge hilo zamani liliiba maziwa ya wakulima alfajiri, mitungi ikiwa imeachwa kando ya barabara ya Kaptagat kungoja lori. Kufikia saa ya chai maziwa yalikuwa yanachemka katika hoteli za Huruma. Hakuna mnywaji aliyeuliza ng'ombe ni wa nani.

Kituo cha mutura, mzee mmoja mwembamba alijiunga nasi bila kualikwa. Akala. Niliposema genge lilibeba mitungi kwa punda, akacheka mpaka akakohoa.

"Punda? Kijana, punda inalia. Nani anaenda kuiba na kitu inalia?"

Walimu wakaangua kicheko. Nimechukia. Wageni walikuwa wanampenda sana yule punda, na nilikuwa nimemtunga mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi

Balaa. Ofisa wa utalii amenipigia simu. Kibali changu cha kutembeza wageni kimesimamishwa kwa sababu kuna malalamiko.

Mlalamishi ni Mama Salina, mwenyekiti wa kina mama wa kanisa lao. Nani asiyemjua? Hakuna mkimbiaji anayerudi na medali bila kumkuta Mama Salina mstari wa mbele, kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, mkononi, anaongoza nyimbo. Anasema Eldoret ni mji wa mabingwa na mimi naufanya mji wa wezi. Tena anasema ni uongo mtupu, genge kama hilo halikuwahi kuwepo. Hilo la uongo limeniuma kuliko lile la wezi. Uongo ni punda tu.

Jumamosi watakuja wote wawili, yeye na ofisa. Ofisa amesema wazi: Mama akiridhika napata kibali, asiporidhika basi.

Nikikosa narudi dukani kwa shemeji. Nimeshawahi kuuza misumari kwake pale Yamumbi. Shemeji ana tabia ya kunitambulisha kwa kila mteja: "Huyu ni bwana ya dada yangu, tunamsaidia." Kila mteja. Hata aliyekuja kuuliza bei tu. Mke wangu anasema huo ni upendo. Upendo wa namna hiyo upewe adui.

Jumatano, 5 Machi

Nimemtafuta yule mzee nikampata. Mzee Kirwa. Ana chumba Huruma, nyuma ya mafundi wa sufuria. Kelele za nyundo mpaka unasahau ulichotaka kuuliza.

Hakuzunguka. Alikuwa kwenye genge, alifungwa, akatoka, akaokoka. Wokovu umemwondolea dhambi lakini majivuno yamebaki yote. Alinieleza mpango mzima. Kulikuwa na mpiga mbinja, mtuliza mbwa, mbeba mtungi na mgawaji, na hakuna aliyegusa kazi ya mwenzake. Yeye alibeba mtungi; ila yeye peke yake alitumwa pia kwa mbwa wagumu. Mtungi mgongoni, mbio gizani msituni, mpaka pale pikapu ilipokuwa imefichwa.

"Bila kumwaga," akasema.

Nikaitikia. Akarudia, "Bila kumwaga," akanitazama mpaka nikampa pole na hongera kwa pamoja.

Nimemwomba aje Jumamosi aeleze mwenyewe. Kama shitaka ni uongo, dawa ni shahidi. Amekubali kwa sharti moja, punda aondoke. Punda ameondoka.

Alhamisi, 6 Machi

Nimejaribu kusimulia bila punda, mke wangu akisikiliza. Alilala.

Ijumaa, 7 Machi

Wasiwasi. 

Nimeagiza mursik kwa mama mmoja wa sokoni, kwa ajili ya kituo cha mwisho. Aliuliza kama ni ya mgeni wa maana. Nikasema wa maana sana, kuliko wote niliowahi kupokea. Nilikuwa namfikiria ofisa. Nikamwambia pia tutakutana njiani, anipe kibuyu nibebe mwenyewe.

Mzee Kirwa naye alipiga simu kuuliza avae nini. Nikamwambia avae nadhifu.

Jumamosi, 8 Machi

Niandike hivi hivi nilivyoona, maana kesho nitadhani niliota.

Mzee Kirwa alifika na tracksuit. Nyekundu, mpya, mjukuu wake kamwazima. Kwake nadhifu ni hiyo. Wageni wangu walikuwa Wazungu wanne wenye kamera kubwa kubwa. Mama Salina na ofisa walisema watatungoja kituo cha mwisho, miguu ya Mama haitaki vichochoro.

Sokoni mambo yalikuwa shwari. Mzee alisimulia habari za mbinja, tukala chapati madondo, maharagwe yale ya mchuzi. Tulipotoka, mama wa mursik alikuwa anatungoja barabarani. Kibuyu alikuwa amekisafisha kinang'aa. Na mkononi alikuwa na sinendet, ule mmea utambaao wanaovishwa mabingwa wakirudi nyumbani. Mgeni wa maana sana, si ndivyo nilivyomwambia? Akatazama kundi letu. Hakuuliza kitu. Akamvisha Mzee Kirwa shingoni.

Na kwa haki, ungeona wewe ungesemaje? Mzee mwembamba kama fito, tracksuit, sinendet, Wazungu wanampiga picha, na mimi nyuma yake nimebeba kibuyu. Mahali pengine watu wangeuliza. Eldoret hakuna wa kuuliza.

Bodaboda wa kwanza akapiga honi. Wa pili akauliza mzee alishinda wapi, wa tatu akamjibu kwamba ni bingwa wa zamani aliyesahauliwa, aibu kwa serikali. Wauza nguo wakaacha nguo. Kina mama wakaanza vigelegele. Nilijaribu kueleza. Nilipaza sauti kabisa kwamba huyu ni mwizi. Kijana mmoja alinisukuma akaniambia nimheshimu mzee.

Mzee Kirwa mwanzoni alikuwa anapunga mkono kukataa. Wakadhani anawasalimu.

Tulifika Huruma tukiwa umati. Mama Salina alikuwa amekaa kwenye benchi la hoteli pamoja na ofisa, uso umekunjwa tayari kwa kazi ya kunikataa. Akasikia vigelegele. Mwili wake ulisimama kabla ya akili. Alianza wimbo kabla hajaona anamwimbia nani, akanipokonya kibuyu, akakipeleka moja kwa moja mdomoni mwa Mzee Kirwa. Nilifumba macho. Nilifikiri: akinywa tu, nimeokoka. Mama ameimba, Mama ameridhika, kibali hiki hapa. Sioni haya kusema kwamba niliomba anywe.

Hakunywa. Alifunga mdomo. Mursik ya kupokelewa haikataliwi, hata mtoto anajua. Wimbo ukafa.

"Hii nikikunywa nitakuwa nimeiba tena," akasema. "Mama, mimi si mkimbiaji. Mimi ndio nilikuwa naibanga maziwa. Barabara ya Kaptagat."

Bodaboda mmoja akawasha pikipiki taratibu akaondoka. Mwingine akasema lakini kukimbia alikimbia, na watu wakaanza kucheka.

Mama Salina hakucheka. Aliuliza kama walifika mpaka kwenye lango jekundu, karibu na daraja la mbao.

"Hapo ndio tulianzia," Mzee akasema. "Mbwa ya hapo ilikuwa rafiki yangu."

Mama aliweka kibuyu mezani, akachukua mkoba wake, akaenda zake. Hakumuaga hata ofisa. Ofisa alinipa mkono kama mtu aliyekuja msibani, akasema atangoja neno la Mama. Wazungu walisema ni matembezi mazuri kuliko yote waliyowahi kufanya. Waliuliza kama huwa hivi kila wiki.

Nimemkasirikia Mzee Kirwa. Angemeza fundo moja tu!

Jumapili, 9 Machi

Kanisani sikusikia hata neno moja. Nimempigia shemeji. Amefurahi. Nianze Jumatatu, tarehe 17. Amesema wateja wamekuwa wakiniulizia, na najua ni uongo.

Mzee Kirwa alikuja jioni kuomba radhi. Sikumkaribisha ndani. Alisimama nje akasema ameshindwa tu, kwamba watu wakikuimbia kwa kitu hukufanya, roho inakwama hapa, akajigusa kooni. Kisha akaenda. Ni usiku wa manane na bado yumo kichwani mwangu. Mjinga ni mimi.

Jumanne, 11 Machi

Mama Salina amekuja nyumbani kwangu. Nilijua analeta hukumu. Mke wangu akapika chai, Mama hakuigusa.

Lango jekundu lilikuwa la baba yake. Kaka yake mkubwa, Barnaba, ndiye aliyetumwa kila alfajiri kupeleka mitungi barabarani. Mitungi ilipopotea, baba alisema Barnaba anauza maziwa na kunywea pombe. Akamfukuza. Barnaba akaenda na nguo alizovaa, akajianzia maisha kwingine. Baba alikufa hawajasemezana.

"Na mimi niliamini baba," akasema. "Mpaka juzi."

Kwa hiyo alipokuwa anasema matembezi yangu ni uongo, alikuwa anaomba yawe uongo. Kama genge lilikuwepo, basi Barnaba hakuiba. Nilikosa pa kuweka macho. Mimi nilidhani hanipendi tu.

Kuhusu kibali hakusema kitu, nami sikuthubutu kuuliza. Ameomba Jumamosi niwatembeze yeye na Barnaba, na Mzee Kirwa awepo. Bila wageni wengine na bila vigelegele.

Nimekwenda Huruma jioni hiyohiyo. Nimemwomba Mzee Kirwa msamaha. Alinikaribisha ndani, na hilo likanitia aibu zaidi. Nilipomweleza habari ya Jumamosi, aliuliza avae nini. Nikamwambia koti.

Jumamosi, 15 Machi

Tumetembea watu wanne, taratibu kwa ajili ya miguu ya Mama.

Barnaba ni mtu mkubwa, mpole, analima kabichi upande wa Yamumbi. Amezeeka kuliko dada yake kwa mbali. Alitembea mikono nyuma, akila kila alichopewa, akisema asante. Sokoni sikusimulia chochote. Mzee Kirwa naye kimya. Nilidhani tutafika mwisho hivyo hivyo, kama watu wanaopeleka posa na wamesahau jina la binti.

Penye mutura Mzee Kirwa alisimama, akavua kofia, akasema yote. Kwamba alikuwa yeye, na kwamba alisikia kijana wa lango jekundu amefukuzwa kwa ajili ya maziwa yale, akanyamaza, akaendelea kubeba. Hakuongeza majivuno. Sikusikia habari za kutomwaga.

Barnaba alitafuna mutura yake mpaka ikaisha. Akajifuta vidole kimoja kimoja.

"Na yalikuwa maziwa mazuri?" akauliza.

Mzee Kirwa alinitazama, akamtazama Mama, akaona hakuna wa kumsaidia.

"Nisidanganye. Ya wengine tulikuwa tunaongeza maji. Ya kwenu hatungeweza. Ilikuwa na maji tayari."

Barnaba alianza kucheka. Alicheka akashika meza ya mchomaji, machozi yakamtoka, mchomaji akaondoa kisu. Alipopata pumzi alisema baba alikuwa anamtuma kisimani kwanza, kila alfajiri, debe zima la maji, ndipo mitungi iende barabarani. Baba alimtisha kwamba akimwambia mtu atamkata masikio.

Mama Salina alikuwa amesimama wima kama yuko kanisani. Aliuliza kwa nini hakusema siku ile anafukuzwa. Angesema hilo moja tu, kila mtu angejua nani ni mwizi pale nyumbani.

"Alikuwa baba," Barnaba akasema.

Mama alikaa kwenye kreti ya soda. Alilia kidogo, bila sauti, mkoba umepakatwa. Barnaba alimnunulia kipande cha mutura, akakishika mpaka dada yake alipokuwa tayari kukipokea. Mimi na Mzee Kirwa tukageukia barabarani tukawa watu wa kutazama magari.

Walipokuwa wanaondoka, Mama alinirudia. Alisema Jumatatu ataongea na ofisa, niendelee na kazi. Lakini niseme yote, asisikie nimeruka kitu.

"Na ile ya maji pia. Useme ni kwetu."

Nikamwambia nitasema. Wakavuka barabara pamoja, yeye amemshika kaka yake mkono wa koti.

Nimempigia shemeji kumwambia siji. Akasema sawa, ila alikuwa ameshaninunulia dastikoti ya kuvaa dukani, na imeandikwa jina langu mfukoni. Nimesema nitapita kuichukua.