Mwanangu nimemnyima marahaba

Siumwi bwana Desderius, nina hasira! Pole zako kaa nazo.

Ni huyu Wiston, mwanangu niliyemsomesha mwenyewe. Kaja na fundi hapa Keza, wakapigilia vigingi vya msingi wa nyumba mpaka kwenye kaburi la mama yake. Nikasema sogezeni, Domisiana wangu amelala hapo. Akamgeukia fundi akasema kizungu, "Ignore him."

Mbele yangu! Fundi akacheka, akaendelea kugonga.

Wiston alipoondoka kufuata saruji Rulenge nikamwita binti yake, Irine. Ignore ni nini? Mtoto akaangalia chini. "Babu, ni kumsikia mtu halafu unafanya kama hayupo."

Kama sipo! Desderius, kwenye shamba langu, kama sipo!

Nikamuuliza, na mzee kama mimi naruhusiwa kuitumia hiyo? "Mtu yeyote, babu."

Haya. Wiston karudi. "Shikamoo baba." Kimya. "Shikamoo baba!" Naongea na mbuzi wangu. Wewe umeshaona mtoto ananyimwa marahaba na baba yake mzazi, tena mbele ya fundi?

"Baba, unaumwa?"

Nikasema, Irine, mwambie baba yako nam-ignore.

Fundi hakucheka tena.

Wiston akageuka, akatazama kaburi la mama yake. Halafu akaenda mwenyewe kung'oa vigingi, akavipeleka kule kwenye mihogo. Akaleta maji ya kunawa, akapiga goti. "Shikamoo baba."

"Marahaba."

Ndipo tukakaa wote kula ndizi na maharage. Yule fundi nimemkalisha anatazama kaburi.