Pistoni ya Baba Imebaki Ziwani

Kirumba, Mwanza
Jumapili mchana

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba uketi kwanza, maana nakujua: ukiipokea barua hii umesimama, utaisoma umesimama mpaka ugali uungue. Goti linaendeleaje? Na ile dawa ya kuchua aliyokununulia kaka Paulo, unaipaka au umeitunza kabatini pamoja na vikombe vya wageni? Mimi sijambo. Wiki hii ziwa limetoa dagaa kidogo, lakini biashara inasogea, na ile homa iliyokuwa inanisumbua imeniacha.

Ningeweza kupiga simu, ila wewe kwenye simu huniambia "nimesikia" kabla sijamaliza kusema. Ndiyo maana nimeandika, na karatasi nimeiweka juu kabisa ya boksi ili uisome kabla mtu hajagusa kilichomo. Kwa kifupi, kifaa cha trekta ya baba kimepatikana. Sasa pumua, nikueleze kilivyopatikana.

Uliponitumia ile pistoni iliyopasuka iwe sampuli, sikukuambia yaliyonikuta nayo. Nilifungua kitenge chako nikaona inang'aa kama sufuria ya sikukuu. Mama, uliisugua kwa majivu na mchanga. Nilipoingia duka la kwanza la vipuri pale Mirongo, muuzaji aliigeuza geuza akasema, "Dada, hii mbona mpya? Irudishe tu kwenye gari." Nikamwonyesha ufa. Akaniuliza ni nani huyo anayesugua pistoni. Nikamjibu ni mama yangu, hawezi kupeleka kitu cha marehemu kwa watu kikiwa na masizi. Duka zima lilicheka, nami nikacheka nao, ingawa moyoni nilikuwa upande wako.

Mirongo yote hakuna aliyekuwa nayo. Wengi walisema injini hiyo imewazidi umri. Niliwaambia baba alikuwa anaiita trekta yake Mkwe, kwa sababu huwezi kuiharakisha wala kuipandishia sauti, wakanielewa lakini hawakuwa na cha kunisaidia. Mmoja akanielekeza Usagara, kwenye uwanja wa vyuma vikuukuu. Kweli nilikuta trekta kama yetu kabisa, hata rangi, nikakimbilia kufunua boneti kama mtoto. Ndani kulikuwa na majani tu. Injini ilishang'olewa zamani.

Siku ile nilirudi nimechoka mwili na roho. Nilikuwa naona kabisa Baba Mdogo anakuja na wale watu wa chuma chakavu, kama kikao cha ukoo kilivyoamua endapo Mkwe hatalima mvua hizi. Nikakuona na wewe umejifungia chumbani usisikie wakimkata. Mama, sikutaka uzike mara mbili.

Aliyeniokoa ni Okello, fundi wa injini za boti hapa Mwaloni, ambaye huwa ananunua dagaa kwangu. Aliitazama pistoni bila kucheka. Akasema, "Injini hii ilifungwa hata kwenye boti. Kwa Bibi Nyamizi kule Igombe ipo moja, ila yule mama hauzi. Twende tu ukamsalimie."

Tulikwenda. Bibi Nyamizi ni mjane kama wewe. Boti ya mizigo ya marehemu mumewe ipo nyuma ya nyumba, imepandishwa juu ya magogo, kuku wanatagia ndani. Nilimwamkia, akaitikia vizuri, akatukaribisha uji. Nilipotaja injini akaweka kikombe chini.

"Wamekuja wengi, mwanangu. Kila mmoja anataka kipande chake. Nikianza kugawa vipande, mzee wangu ataisha."

Ndivyo nasi tunavyosema juu ya Mkwe. Nikaanza kukusanya vitu vyangu niage. Hapo akauliza nimebeba nini ndani ya kitenge. Nikamfungulia. Akaiweka mapajani, akaipitisha kidole.

"Nani kaisugua hivi?"

"Mama yangu, Bibi. Anasema kitu cha marehemu hakiendi kwa watu kikiwa kichafu."

Yeye hakucheka. Alisema, "Na mimi ile yangu naipangusa kila Jumamosi. Watoto wangu wanadhani nimechanganyikiwa." Kisha akamwambia Okello akachukue spana.

Ila alitoa masharti mawili. La kwanza, injini ya mzee wake isibaki na tundu. Pistoni ya baba iingie pale itakapotoka ya kwake. Mama, najua uliniambia hiyo iliyopasuka irudi nyumbani, usije ukaikosa hata hiyo. Nilisita sana. Halafu nikawaza kwamba huku itapanguswa kila Jumamosi na mtu anayejua maana yake, nikakubali bila kukuuliza. Niliitia mafuta mimi mwenyewe kabla Okello hajaishusha. Nililia, sikufichi. Okello alijifanya anatafuta spana nyingine.

Ndani ya boksi kuna pistoni, ringi zake, na slivu, yaani lile bomba la chuma ambalo pistoni inapanda na kushuka ndani yake. Okello amezipima, anasema zinaingia. Paulo amwite fundi, asijaribu peke yake kwa kuwa ameshika spana mara mbili maishani. Zimepakwa grisi nzito, nyeusi, na hiyo ndiyo inayozuia kutu njiani. Nakuomba kwa heshima zote, Mama, hizi usizisugue. Dagaa nimewafunga kwenye mfuko wao.

Nisalimie Bibi mzaa baba, mwambie kanga yake nimeshaipata. Msalimie wifi, mke wa Paulo, asinyanyue ndoo katika hali aliyo nayo. Katekista wetu mwambie bado naimba, huku wameniweka sauti ya pili. Na Baba Mdogo msalimie vizuri, bila kununa. Mwambie aje siku ya kuwasha, akae mbele.

Sasa sharti la pili. Bibi Nyamizi anasema mumewe alipokuwa anarudi, mlio wa injini ulikuwa unamfikia kabla boti haijaonekana, naye ndipo alipokuwa anabandika maji ya ugali. Hajausikia tangu azike. Basi nijulishe siku mapema, na Mkwe akiwaka, nipigie, ila usiseme kitu. Isogeze simu karibu na injini, uiache hapohapo. Mimi nitakuwa nimeketi jikoni kwake Igombe, na moto utakuwa umeshawashwa.

Binti yako,
Veronika